Fundi, pancha hii hainiachi

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni afisa ugani wilaya ya Kongwa, Dodoma, nazunguka vijijini kwa pikipiki ya ofisi yenye tairi za tyubu. Tairi la nyuma limenichosha. Linazibwa leo, keshokutwa limelala tena, na kila fundi analaumu tyubu. Nimeshanunua mpya, hali ni ileile. Juzi limeniishia upepo porini, nikasukuma mpaka jua linazama. Je, naweza kuziba mwenyewe njiani bila kung'oa gurudumu? Na kwa nini pancha hii haiishi?
Binti wa Ugani, Kongwa

JIBU: Marahaba, binti yangu, na pole kwa kusukuma. Naanza na swali lako la mwisho, maana ndilo linalokula hela yako. Tyubu wanaisingizia. Huko kwenu migunga imejaa, na mwiba wa mgunga ukishazama kwenye tairi hukatikia humohumo. Kwa nje huoni kitu. Fundi mwenye haraka anavuta tyubu, anabandika kiraka, anarudisha, anapokea chake. Ukipanda na mzigo wako wa mbegu tairi linabonyea, ile ncha iliyobaki inatoboa tena pembeni kidogo ya kiraka. Umenunua tyubu mpya ukailisha mwiba wa zamani.

Kwa hiyo tundu lisome kabla hujaliziba. Likiwa upande wa nje wa tyubu, ule unaogusa tairi, tafuta mwiba, msumari au kipande cha waya. Likiwa upande wa ndani, ule wa rimu, kagua spoku: kuna iliyochomoza, au ule utepe wa mpira unaofunika vichwa vya spoku umekatika ama umehama. Matundu mawili yaliyo jirani maana yake tyubu ilibanwa, ama ulipiga jiwe upepo ukiwa mdogo, ama fundi aliibana kwa leva, kile chuma bapa cha kubandulia tairi, wakati wa kurudisha. Na ikichanika pale valvu inapoota, usihangaike na kiraka. Hapo pikipiki imeendeshwa bila upepo wa kutosha, tairi likazunguka juu ya rimu na kuivuta tyubu. Nunua nyingine.

Sasa tuje kwenye kuziba mwenyewe. Inawezekana, na gurudumu libaki mahali pake. Hugusi cheni wala breki. Beba leva mbili za tairi, kipande cha msasa, viraka, solusheni, kifaa cha kufungulia sindano ya valvu (kile kipini cha ndani kinachozuia upepo), spana ya nati ya valvu na pampu. Ukinunua pampu, ijaribu palepale dukani. Pikipiki ina valvu kama ya gari, na pampu nyingi za baiskeli zina mdomo wa valvu nyembamba. Nimeona watu wengi wamebeba pampu isiyoingia popote.

Toka barabarani, simamisha pikipiki kwa stendi kubwa kwenye ardhi ngumu, kisha zungusha gurudumu taratibu ukikagua. Ukiona mwiba au msumari, usiuchomoe kwa hasira. Weka alama ya chaki au udongo ubavuni mwa tairi, hapo ndipo tundu lilipo, na kazi yako imepungua nusu. Hapo sasa uchomoe. Toa sindano ya valvu, upepo uishe kabisa, na ufungue nati ya valvu.

Hapa ndipo wengi wanapotoa jasho la bure. Ukingo wa tairi una waya ndani, haunyumbuki hata uvute namna gani. Lakini rimu katikati ina bonde. Kandamiza ukingo wa tairi kwa kiganja au kisigino mpaka uachie rimu, kisha upande ulio mkabala na leva yako usukume uingie kwenye lile bonde. Upande wako unapata nafasi, na leva inanyanyua bila vita. Nyanyua kidogo kidogo, upana wa vidole vinne kwa wakati mmoja, na leva usiizamishe ndani ukaichoma tyubu. Ukiona unatumia nguvu nyingi, simama, rudi ukaangalie ule upande wa pili: umetoka bondeni. Maji ya sabuni yanasaidia. Oili usipake, inakula mpira.

Vuta tyubu pale penye alama. Kama hukuona alama yoyote, itoe yote kwa upande huo mmoja. Itabaki imening'inia kwenye ekseli, lakini utaweza kuijaza upepo na kuikagua yote. Ipitishe karibu na mdomo, ngozi ya midomo inasikia upepo ambao sikio halisikii. Ukishalipata tundu, lipime na tairi kuanzia kwenye valvu, ujue lilikuwa sehemu gani.

Kausha, kwaruza kwa msasa eneo pana kuliko kiraka mpaka mng'ao uondoke. Paka solusheni nyembamba. Halafu subiri. Watu wengi hawawezi kusubiri. Wanabandika ikiwa bado mbichi, kiraka kinateleza, wanasema viraka siku hizi ni feki. Acha dakika kama tano, uguse pembeni kwa mgongo wa kidole: ikiwa hailoweshi ila inanata, bandika, na ukandamize kuanzia katikati kwenda kingoni kwa mpini wa spana.

Wakati kiraka kinashika, fanya kile mafundi wako wanachokiruka. Chukua kitambaa, pitisha ndani ya tairi zima, polepole. Kitambaa, si vidole vitupu, usije ukajichoma. Kikinasa mahali, hapo pana mwiba. Ukiwa mfupi usishikike kwa nje, usukume kutoka upande mwingine kwa ncha ya bisibisi, au ung'oe kwa koleo. Pitisha tena mpaka kisinase.

Tyubu ipulizie upepo kidogo kabla ya kuirudisha, isijikunje wala kubanwa. Valvu ikae wima. Malizia kuingiza ukingo kwa mikono. Leva iwe ya mwisho kabisa. Jaza, kisha angalia ule mstari ulio karibu na rimu: ukiwa sawa mzunguko mzima, tairi limekaa. Pikipiki nyingi zenye tairi za saizi 2.75-17 mbele na 3.00-17 nyuma huenda na upepo wa psi kama 25 mbele na 28 nyuma ukiwa peke yako. Ukiwa na abiria au magunia, nyuma panda hadi 32 na kidogo. Kibandiko kwenye pikipiki yenyewe ndicho kinachoamua.

Na ukikwama bila vifaa, usipande juu yake hata kama kijiji kinaonekana. Shusha mzigo, washa, weka gia ya kwanza, tembea pembeni ukiiachia klachi taratibu ijikokote.

SWALI: Assalaam aleikum fundi. Vespa yangu ya PX imepata pancha. Kijana wa mtaani anataka kuigawa rimu mara mbili, nikamzuia. Nilikosea?
Mzee wa Ng'ambo, Unguja

JIBU: Waaleikum salaam, mzee wangu. Kijana yuko sahihi, rimu ya Vespa hiyo ni nusu mbili zilizofungwa kwa nati, haitaki leva. Ila mwambie atoe sindano ya valvu na upepo wote kwanza, ndipo aguse nati za rimu. Nusu hizo zikiachiana na upepo ndani zinaruka na kuumiza vibaya. Asizichanganye na zile nati tano zinazofunga gurudumu kwenye deramu. Na gurudumu la akiba, mzee, lina upepo? Vespa imebarikiwa akiba inayoingia mbele na nyuma, lakini nyingi nilizoziona zimelala tangu ziliponunuliwa.

SWALI: Fundi, yale majimaji ya kuzuia pancha yanafaa?
Boda wa Msamvu, Morogoro

JIBU: Kwa tundu dogo la mwiba kwenye uso wa tairi, yanakufikisha. Ubavuni hayasaidii, wala kwenye tyubu iliyochanika. Ubaya wake, kiraka baadaye kinasumbua kushika, kwa sababu tyubu haikauki mpaka ioshwe. Ukiwa umeyaweka, mwambie fundi mapema, na uzungushe gurudumu valvu iwe juu kabla hajaifungua, la sivyo yatamrukia usoni.