Kabla ya kuagiza kadi ya grafiki, fungua kwanza boksi la kompyuta yako

Kompyuta nyingi za mezani ninazozifungua hapa Chake Chake, Pemba, zimetoka maofisini huko ughaibuni: Dell OptiPlex, HP EliteDesk, Lenovo ThinkCentre. Ni mashine madhubuti, na bei yake mtu wa kawaida anaimudu. Sasa kijana anayehariri video za harusi, au anayetaka kucheza mpira wa kwenye kompyuta na wenziwe, hufika pahala akaona bila ya kadi ya grafiki, ile inayotayarisha picha za skrini, haendi mbele. Namwomba asitume pesa kwanza. Kadi hizi aghalabu hununuliwa Dar es Salaam, zikaja na boti mpaka bandari ya Mkoani, na ikiwa haikukubali, kuirudisha ni gharama nyengine na mvutano na muuzaji. Na hali ya kuwa karibu kila jawabu limo ndani ya boksi lako.

Anza na pawasaplai, kile kisanduku cha ndani kinachogawa umeme, maana hiyo ndiyo inayokata shauri. Soma wati kwenye kibandiko chake. OptiPlex 7010 ya zamani (ya 2012), ile nyembamba ina wati 240, ile ya mnara ina 275. Sloti ndefu ya PCI Express, yaani tundu la kwenye ubao mkuu inamochomekwa kadi, huipa kadi wati 75 kwa upeo wake. Kadi inayotaka zaidi ya hapo lazima ipate waya wake wa pini 6 au 8 kutoka kwenye pawasaplai, na pawasaplai za mashine za ofisi mara nyingi hazina waya huo. Baadhi ya keisi (maboksi) nyembamba hazifikishi hata hizo 75, kwa hivyo tafuta mwongozo wa modeli yako hasa kwenye tovuti ya mtengenezaji. Kubadilisha pawasaplai nako si kwepesi: Dell na HP huweka umbo lao na plagi zao, na ya dukani inaweza isiingie kabisa.

Kuna wanaouza adapta za kugeuza waya wa SATA, ule wa kulishia diski umeme, kuwa pini 6. Mimi sizifungi. Plagi ya SATA imepimwa kubeba takriban wati 54 kwenye volti 12, na ile ya pini 6 inaruhusiwa kuvuta 75. Nimeshaziona plagi zilizoyayuka.

Kwa hiyo tafuta kadi inayokula umeme wa sloti tu. GT 1030 inataka wati 30, RX 6400 wati 53, GTX 1050 Ti na GTX 1650 wati 75. Lakini usiamini jina peke yake: zipo GTX 1650 zilizowekewa pini 6, kwa hivyo omba picha ya ubavu wa kadi ile ile utakayouziwa. Halafu chukua rula, upime urefu wa nafasi, na uangalie kama sloti ya jirani iko wazi. Keisi nyembamba inataka kadi fupi ya kimo yenye kibati kifupi (kile cha kuifungia kadi nyuma ya keisi), na kibati hicho muuzaji akutie mkononi pamoja na kadi.

Kwa wa video nina neno la ziada. GT 1030 na RX 6400 hazina saketi ya kusimba video, yaani ya kuigeuza kuwa faili la kutoa, hivyo siku ya kutoa filamu ya harusi mzigo wote unabaki kwa prosesa. GTX 1050 Ti na 1650 zinayo. Baina ya hizo mbili nachagua 1650, kwani mwaka 2025 Nvidia, mtengenezaji wake, ilisimamisha draiva (programu za kuiendesha kadi) za michezo mipya kwa kadi za kizazi cha 1050 Ti. Na ukishikilia GT 1030, hakikisha ni yenye kumbukumbu ya GDDR5. Ipo yenye jina hilo hilo na kumbukumbu ya DDR4, na kasi ya kumbukumbu yake ni kama theluthi tu ya mwenzake.

Tazama na skrini yako. Nyingi tulizonazo ni za VGA, ile plagi ya kizamani ya skrini, na GTX 1050 Ti ya kweli haina tundu hilo. Utahitaji adapta yenye saketi ndani ya kugeuza HDMI (plagi ya kisasa) kuwa VGA. Ukioneshwa 1050 Ti yenye VGA, shuku: zimezagaa kadi kongwe kama GTS 450 zilizobadilishwa jina kwa programu. Mwambie muuzaji aiwashe, afungue GPU-Z, programu ya kusoma maelezo ya kadi, akupigie picha. Kadi nyingi za bandia programu hiyo huzitambua na kuziandikia hivyo waziwazi.

Na kama mashine yako bado ina diski ya kuzunguka na rami ya GB 4, pesa hiyo itie kwenye SSD (diski ya kasi isiyozunguka) na rami kwanza. Kadi itangoja.