Usihukumu Wapenzi, Hukumu Kitabu: Kusoma Riwaya ya Mapenzi kwa Mwezi na Kuitolea Maoni

Kikundi cha wasomaji kikijiwekea changamoto ya kitabu kimoja kila mwezi, mwezi wa riwaya za mapenzi huonekana mwepesi kuliko yote, na ndio unaoharibika mapema. Kila mtu anaamini mapenzi anayajua. Siku ya mjadala ikifika, mazungumzo yanageuka baraza la usuluhishi: yule kaka ni mwongo, yule dada alipaswa kuondoka zamani, wazazi wale hawana utu. Saa nzima inapita, kitabu chenyewe hakijaguswa.

Wapenzi wa kitabuni wana haki ya kukosea. Wasipokosea hakuna hadithi. Anayepaswa kujibu maswali ni mwandishi. Ametufanya tuamini kwamba hawa wawili wanapendana? Kinachowatenganisha kina uzito? Mwisho wao wameufikia kwa miguu yao, au wamebebwa hadi pale? Maoni yanayojibu hayo yanamfaa mwenzako anayetaka kujua kama akinunue kitabu, na yanamfaa hata mwandishi mwenyewe.

Kabla ya kuchagua, kubalianeni jina

Wachapishaji wa Uingereza na Marekani wanaposema riwaya ya mapenzi wana masharti mawili: penzi liwe ndilo uti wa mgongo wa hadithi, na mwisho uwe wa matumaini. Mills & Boon, kampuni iliyoanzishwa London mwaka 1908, imejijengea jina kwa vitabu vya namna hiyo. Vile vidogo vya kurasa 180 hadi 190, ambavyo hadi leo unavikuta kwenye meza za vitabu vya mitumba, msomaji anavifungua akijua watakaokutana mwanzoni watakuwa pamoja mwishoni. Raha yake iko katika njia ya kufika huko.

Ukiichukua rula hiyo na kuipimia riwaya zetu, nyingi hazitatosha. Kiu ya Mohamed Suleiman Mohamed, iliyotoka 1972, imejaa mahaba, lakini kiu ya penzi na kiu ya mali zinakwenda pamoja ndani yake mpaka zinamla mtu. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya 1971, wengi huiweka kapu hilohilo kwa kuwa ina msichana na wanaume, kumbe kitabu kinahoji malezi. Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi ina Yasmin na Denge, na penzi lao linashika kweli, lakini pembeni yake kuna Zanzibar inayopigania uhuru, na huwezi kukichana kitabu kikabaki nusu.

Kipimo rahisi ni hiki: liondoe penzi kwa mawazo, uone kinachobaki. Hadithi ikianguka yote, hiyo ni riwaya ya mapenzi. Ikibaki imesimama, hiyo ni riwaya yenye mapenzi ndani. Zote mbili zinaruhusiwa kwenye changamoto, ila semeni mapema mwezi huu mnasoma ipi. Malalamiko mengi ya "mwisho umeniudhi" yanatoka kwa msomaji aliyeahidiwa harusi akakuta msiba. Kitabu hakina kosa hapo. Kosa ni la aliyekitambulisha.

Semeni pia kama kitabu kinaingia chumbani au kinaishia mlangoni. Kikundi chenye shangazi wa miaka sitini na mpwa wake wa kumi na tisa kinaweza kusoma vyote viwili, mradi kila mmoja ajue kabla ya kufungua. Na kama kuna kupigwa, kubakwa au kufiwa na mtoto, litajeni hilo kwa sentensi moja bila kueleza linatokea kwa nani. Kuna wasomaji ambao mambo hayo kwao si hadithi.

Kuna mtego mmoja wa kwetu hasa: kitabu kilichotahiniwa shuleni. Mfadhili ya Hussein Tuwa, kwa mfano, ina penzi katikati yake, lakini wengi walioisoma kidato cha tano na sita bado wana majibu ya mtihani kichwani. Ukiwauliza kitabu kimewafanya nini, wanakujibu dhamira, ujumbe, falsafa ya mwandishi, matumizi ya tamathali. Fani na maudhui ni vyombo vizuri, lakini vilifundishwa kwa ajili ya kupata alama, na alama hazipatikani kwa kusema "hapa nilifunga kitabu nikatazama dari". Riwaya ya mapenzi inaishi au inakufa palepale. Mkichagua kitabu cha shule, wekeni sharti la kukisoma upya chote, tena bila mwongozo.

Hesabu ya siku

Usikisie kasi yako. Soma kurasa kumi ukiwa na saa. Zikichukua dakika 20, kitabu cha kurasa 250 kitataka dakika 500, yaani saa nane na dakika ishirini. Zigawe kwa siku 25 upate dakika 20 kwa siku, na siku tano za mwisho ziachwe wazi, kwa sababu mwezi hauishi bila mgonjwa, msiba au umeme kukatika. Zaidi ya kurasa 350 ni hatari kwa kikundi cha watu wenye kazi. Nusu watakuja hawajamaliza, na nusu nyingine italazimika kuzungumza kwa mafumbo.

Kituo cha katikati kisiwekwe kwa kugawa kurasa sawasawa. Anayekifahamu kitabu atafute mahali wapenzi wanapoachana, ambapo katika riwaya nyingi za aina hii ni karibu na robo tatu ya njia, na wote wasimame hapo. Hapo ndipo kila mtu ana la kusema na hakuna anayejua mwisho. Aliyewahi kumaliza anyamaze siku hiyo. Ni adhabu kwake, lakini mazungumzo ya wiki hiyo ndiyo yatakuwa matamu kuliko yote.

Wanaosoma simulizi za simu wana hesabu tofauti. Hadithi inayotoka vipande vipande, "sehemu ya 23, itaendelea", yenye vipande 60 vya maneno 800 kila kimoja, ina maneno 48,000, na hiyo ni riwaya kamili. Tatizo ni kwamba nyingi hazifiki mwisho, au sehemu ya 31 inarukwa na hakuna anayeuliza. Kabla ya kuiweka kwenye changamoto, muulize mwandishi mambo mawili: imekamilika? Ina sehemu ngapi? Akisema anauza hadithi nzima, mlipeni kwa simu kila mtu na fedha yake. Kununua nakala moja na kuirusha kwa watu kumi ni kumnyang'anya mtu chakula, hasa yule ambaye hana mchapishaji wala duka, na jina lake huwa la kwanza kufutwa hadithi inapoanza kusambaa.

Kipande cha karatasi

Chukua karatasi ya daftari, ikunje mara mbili kwa urefu, iwe ndiyo alama yako ya ukurasa. Kila unapokuta jambo, andika namba ya ukurasa na herufi moja. K ni kikwazo kipya kati ya wapenzi. G ni pale mmoja wao anapogeuka, anapofanya leo jambo ambalo ukurasa wa ishirini asingelifanya. N ni neno au sentensi iliyokunasa. S ni "siamini". Basi. Usiandike maelezo, yatakukatia usomaji.

Ukimaliza, karatasi hiyo inasema mengi kabla hujafungua mdomo. K nyingi bila G hata moja maana yake ni kwamba mwandishi anawatupia wapenzi wake balaa juu ya balaa, nao hawabadiliki: ajali, barua iliyopotea, binamu mwenye wivu, ajali tena. S zikijaa kurasa thelathini za mwisho, mwisho umelazimishwa. N zikiwa nyingi mwanzoni kisha zikakauka, mara nyingi mwandishi alikuwa na haraka.

Kikwazo kinastahili kutazamwa kwa makini kuliko yote, kwa kuwa ndicho kinachoibeba riwaya. Kikwazo dhaifu ni kile ambacho simu moja ingekimaliza: amemwona na mwanamke mwingine hotelini, hakuuliza, akahama mji, na kurasa 120 baadaye tunaambiwa yule alikuwa dada yake. Msomaji anakasirika, na ana haki. Kikwazo chenye nguvu ni kile ambacho hata wakizungumza usiku kucha kinabaki palepale: dini mbili, deni la baba, ahadi aliyopewa marehemu, mtoto aliyezaliwa kabla.

Mwandishi stadi anaweza kukiokoa hata kile kikwazo dhaifu, akitupa sababu ya kutouliza. Mtu aliyelelewa kwenye nyumba ambako kuuliza kulimletea kipigo hatauliza. Kwa hiyo unapoandika S pembeni ya ukurasa wa hotelini, rudi nyuma kurasa hamsini uone kama sababu ilipandwa ukaipita. Mara nyingi utaikuta, na maoni yako yatabadilika.

Hapa pia ndipo wasomaji waliozoea vitabu vya Ulaya wanaposhindwa kuzitendea haki riwaya za kwetu. Wanasema wazazi wameingilia mno, mjomba ana sauti mno, mbona wawili hawa hawaachwi peke yao? Lakini katika riwaya inayosimama Tanga au Lamu, posa inapelekwa na mshenga, mahari inajadiliwa na watu ambao hawataolewa, na somo, yaani mwanamke anayemfunda bibi harusi, anayajua ya bibi harusi kuliko bwana harusi mwenyewe. Familia ni mhusika. Swali la haki ni kama mhusika huyo amechorwa au amewekwa tu awe ukuta. Baba anayekataa posa kwa ukurasa mmoja bila sababu ni ukuta. Baba anayekataa, kisha tukamwona usiku akiihesabu fedha ya ada ya wadogo zake binti, huyo ni mtu, na penzi linalompita yeye limepita mahali pagumu.

Na yule mwanamume anayeambiwa hapana mara kumi akang'ang'ania mpaka akakubaliwa? Bado anaandikwa sana, na anatetewa sana kuwa ndiye mwenye mapenzi ya kweli. Tafuteni kama kitabu kinajua kinachofanya. Kuna riwaya inayotuonyesha hofu ya mwanamke anayefuatwa njiani, na kuna riwaya inayoiita hofu hiyo aibu ya kike. Ya pili isemwe wazi, kwa kutaja ukurasa.

Kusema lenyewe

Maoni dhaifu yanasikika hivi: "Kitabu kizuri sana, kimenigusa, ila huyo kaka simpendi." Hakuna wa kukujibu hapo. Maoni yaleyale yakitiwa nguvu yanakuwa hivi: "Hadi ukurasa wa 140 nilimwamini, kwa sababu kila alipodanganya tulionyeshwa anaogopa nini. Kuanzia anaporudi kutoka safari anadanganya bila hofu wala faida, na mimi nikaacha kujali kama watapatana." Sentensi mbili tu, lakini zina mahali, zina sababu, na mtu anaweza kuzipinga. Mwenzako atafungua ukurasa wa 140 na mjadala utaanza.

Kama mnaandikiana kwa simu, mstari wa kwanza useme umefika wapi: "Nafichua hadi sura ya 12." Kisha acha mistari mitupu kadhaa kabla ya kuanza, ili asiyefika asinaswe na macho yake mwenyewe. Sauti zilizorekodiwa zisizidi dakika mbili. Ya dakika saba hakuna anayeisikiliza yote, na jambo la maana huwa liko dakika ya sita.

Mkitoa alama, toeni mbili, kila moja juu ya tano: moja ya uandishi, moja ya penzi. Kuna vitabu vya Kiswahili fasaha kabisa ambavyo wapenzi wake ni baridi kama chai ya asubuhi iliyosahaulika, na kuna simulizi zenye makosa ya tahajia kila mstari zinazokukesha hadi saa tisa usiku. Alama moja inavificha vyote viwili. Wala msiishie kwenye wastani. Kitabu kilichopewa 5, 5, 1 na 1 kina wastani wa 3, sawa na kilichopewa 3 na watu wote wanne, lakini cha kwanza ndicho cha kuzungumzia. Waliotoa 5 na waliotoa 1 wasome kwa sauti ukurasa uleule mmoja, kila upande ueleze ulisikia nini.

Waliokomea njiani wasifukuzwe wala wasione haya kuja. Maoni yao yana thamani yake, mradi wayaseme kwa usahihi: niliacha ukurasa gani, na jambo la mwisho nililosoma ni lipi. Daftari la kikundi liwe na safu yake, "alipoachia". Mtu mmoja akiacha ukurasa wa 90, huenda alikuwa na mwezi mbaya. Wanne wakiacha kati ya ukurasa wa 85 na wa 95, fungueni kitabu hapo, kwa kuwa kuna jambo mwandishi alilivunja, na waliomaliza pengine walilivuka bila kuliona.