Kunywa Maji Mchana wa Ramadhani kwa Aliyepandikizwa Nywele

SWALI: Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh, Sheikh. Mimi ni mkazi wa Mombasa, umri wangu ni miaka 34. Nilisafiri hadi Istanbul nikapandikizwa nywele, na nimerejea nyumbani uso ukiwa umevimba kutoka kipajini hadi machoni. Ramadhani itaingia nikiwa katika siku ya nne tangu nipasuliwe. Daktari ameniagiza ninywe maji yasiyopungua lita mbili kwa siku, nimeze viuavijasumu mara tatu kwa siku, na ninyunyizie maji ya chumvi kichwani mara kwa mara. Mama ananiambia kwamba hili ni pambo nililojitakia wala si maradhi, kwa hiyo nikinywa maji mchana nitakuwa nimekula Ramadhani bila udhuru. Je, nifunge au nisifunge? Kunyunyizia maji kichwani kunabatilisha saumu? Na udhu nitautiaje?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu yangu, nianze na neno la mama yako, kwa kuwa naona ndilo linalokuumiza zaidi ya kiu yenyewe. Kupandikiza nywele za mtu mwenyewe, zinazotolewa kisogoni mwake na kupandwa pale palipotokea upara, si katika kuunga nywele kulikolaaniwa na Mtume, rehema na amani zimshukie, kwani kuunga ni kuongeza nywele ngeni kwa udanganyifu, na huku ni kurudisha kilichoondoka. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Putrajaya, Malaysia, mwaka 2007, lililitaja jambo hili miongoni mwa yanayoruhusiwa. Katika vitabu vya hadithi vya Bukhari na Muslim mna kisa cha watu watatu wa Bani Israili, mwenye mbaranga, mwenye upara na kipofu, ambapo malaika alimpangusa yule mwenye upara kichwani, upara ukamwondoka na akapewa nywele nzuri. Ingelikuwa kuondoa upara ni kubadilisha maumbile kwa ubaya, malaika asingetumwa kulitenda. Kwa hiyo asili ya ulilolifanya ni halali. Mama amesema kweli kwamba ulijitakia, na ingekuwa bora zaidi ungelisubiri hadi baada ya Idi. Lakini jeraha likishakuwepo mwilini kwa sababu ya halali, sharia inatazama hali ya mwili wako leo. Mwambie hivyo kwa upole, wala usishindane naye.

Sasa tuje kwenye saumu. Mwenyezi Mungu amesema katika Suratul Baqara, aya ya 185, kwamba aliye mgonjwa au aliye safarini atatimiza idadi katika siku nyingine, kisha akafuatiza kuwa Yeye anatutakia wepesi wala hatutakii uzito. Hata hivyo si kila kinachoitwa ugonjwa kinamruhusu mtu kula. Imamu Nawawi katika kitabu chake Al-Majmuu ameeleza kwamba ugonjwa mdogo usioleta mashaka ya wazi hauruhusu kufungua katika madhehebu yetu ya Shafi, na kwamba kipimo ni madhara au mashaka makubwa yanayoogopewa. Suali lako basi halijibiwi kwa jina la upasuaji uliofanyiwa. Linajibiwa kwa kujua maji yanafanya kazi gani mwilini mwako siku hizi, na kama kazi hiyo inaweza kungoja magharibi.

Nimelipima jambo hili kwa yale madaktari wanayoyaeleza. Mizizi ya nywele iliyopandwa hainywi maji moja kwa moja kutoka tumboni. Siku chache za mwanzo inaishi kwa unyevu unaoizunguka, ndipo mishipa midogo ya damu inapoifikia, na kwa kawaida ikifika siku ya kumi inakuwa imekwisha kushika. Uvimbe wa kipaji na macho, ambao huwa mkubwa kati ya siku ya pili na ya nne, unatokana zaidi na maji ya dawa ya ganzi yaliyodungwa kichwani, yakateremka kuelekea usoni. Maji unayokunywa yanalinda mzunguko wa damu yako, yanakuepusha na kizunguzungu na kuumwa kichwa, na yanausaidia mwili kuhimili dawa. Ni haja ya kweli, lakini kwa mtu mwenye afya nzuri ni haja ya siku nzima yenye usiku wake, si ya kila saa moja.

Na usiku wetu wa pwani ni mrefu. Kutoka magharibi hadi alfajiri tunazo takriban saa kumi na nusu, na lita mbili ni glasi nane za mililita 250. Ukifuturu kwa tende na glasi mbili, kisha ukanywa nne kidogo kidogo baina ya isha na kulala, na mbili wakati wa daku, agizo la daktari limetimia bila kugusa mchana. Usiyabugie yote kwa mara moja dakika chache kabla ya adhana ya alfajiri, kwani mwili utayatoa upesi. Na Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akivuta pumzi mara tatu anapokunywa. Siku hizi punguza bajia na vyakula vya chumvi nyingi vinavyozidisha kiu, na uji au dafu ni msaada mwema katika futari. Daku usiiache hata kama huna njaa, kwani Mtume ametuambia kuwa katika daku mna baraka, na kwa mgonjwa anayehitaji maji nadhani baraka hiyo inaonekana kwa macho.

Kinachobaki kigumu ni dawa ya mara tatu. Mpigie daktari wako umuulize kama ipo dawa ya kumezwa kila baada ya saa kumi na mbili, kwa sababu viuavijasumu vya namna hiyo vipo, nawe utaimeza kwa futari na kwa daku. Usiibadilishe mwenyewe wala usiiache. Akikuambia kuwa katika hali yako hapana budi imezwe mchana, au kwamba kukaa bila maji kutakudhuru kwa sababu ya kisukari, figo au maradhi mengine uliyo nayo, basi kula, na huna dhambi. Vilevile ukianza siku umefunga, kisha ukapata kizunguzungu cha kukuangusha, homa, mkojo ukawa mchache wa rangi ya chai kavu, au kidonda kikaanza kutoa usaha, fungua papo hapo, unywe maji na umwone daktari. Katika madhehebu yetu, mgonjwa ambaye hali yake inakuja na kuondoka hutia nia usiku kama kawaida, na haja ikimfika mchana ndipo hufungua. Hivyo ndivyo ninavyokushauri ufanye: tia nia kila usiku, na uuache mchana wenyewe ukuoneshe.

Nakusihi usijikaze kwa kuona haya. Jabir, Mwenyezi Mungu amridhie, amesimulia katika kitabu cha hadithi cha Abu Daud kwamba walikuwa safarini, mwenzao mmoja akapigwa na jiwe likampasua kichwa, kisha usiku akaota ndoto ya janaba, ikamlazimu kuoga. Akawauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu, yaani kujitwaharisha kwa udongo badala ya maji, wakamwambia hana ruhusa maadamu maji anayaweza. Akaoga, akafa. Mtume alipopata habari alikasirika, akasema kwamba wamemuua, na kwa nini hawakuuliza ilhali hawajui, kwani dawa ya kutojua ni kuuliza. Kila ninapoulizwa juu ya jeraha la kichwa nakikumbuka kisa hiki, na naogopa kuwa miongoni mwa waliomjibu yule maskini.

Ama kunyunyizia maji ya chumvi kichwani, hakubatilishi saumu. Mafakihi wetu walizungumzia dawa inayotiwa katika jeraha la kichwa lililopenya hadi ndani ya fuvu, wakasema hiyo inafunguza; vitundu vya kupandikizia viko katika ngozi tu, wala havifiki huko. Na imepokewa katika Abu Daud kwamba Mtume alionekana mahali paitwapo Arj akijimiminia maji kichwani naye amefunga, kwa sababu ya kiu au joto. Nyunyizia bila wasiwasi, ila kinga mdomo na pua.

Udhu ni mwepesi kuliko unavyodhani. Kwa Imamu Shafi, kupaka maji sehemu ndogo tu ya kichwa kunatosha, hata nywele chache. Tafuta mahali pasipoguswa na upasuaji, kama vile juu ya sikio, upitishe kidole chenye maji, na utosi uuache. Ukipatwa na janaba kabla daktari hajakuruhusu kuosha kichwa, osha mwili wote uliobaki na utayamamu kwa ajili ya kichwa. Katika sala, ikiwa daktari amekukataza kuinamisha kichwa siku hizi za uvimbe, simama kwa kisomo, kisha rukuu na sijida uzifanye kwa ishara, ishara ya sijida ukiishusha zaidi kidogo. Mtume alimwambia Imran bin Husayn, aliyekuwa na bawasiri, aswali amesimama, asipoweza basi amekaa, asipoweza basi kwa ubavu. Uvimbe ukishuka na daktari akakuruhusu, rudi kwenye sijida yako kamili.

Siku utakazokula zihesabu na uziandike. Utazilipa baada ya Ramadhani, siku kwa siku, bila fidia, na si lazima ziwe mfululizo. Bibi Aisha, Mwenyezi Mungu amridhie, alikuwa akizilipa zake katika Shaabani. Ukizichelewesha bila udhuru hadi Ramadhani nyingine ikaingia, utalipa saumu pamoja na kibaba cha chakula kwa maskini kwa kila siku.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.