Mazoezi ya Kiroho ya Mtakatifu Inyasi: usikisome, kifanye

Wengi wanaonunua kitabu cha Mazoezi ya Kiroho cha Mtakatifu Inyasi wa Loyola, mwanzilishi wa Wajesuiti, hukiacha kabla ya kufika katikati. Hukuta namba, maagizo mafupi na vichwa vya tafakari visivyo na nyama. Ndivyo kilivyo. Kitabu hiki, alichokiidhinisha Papa Paulo III mwaka 1548, kimsingi ni cha anayeongoza mafungo, yaani siku za kujitenga kwa ajili ya sala. Ni kama karatasi ya mapishi: haimshibishi mtu mpaka awashe jiko.

Basi tafuta kwanza mwongozaji, awe padre, sista au mlei aliyekwisha kuyapitia Mazoezi mwenyewe. Fransisko Ksaveri, mmisionari na mwenzake Inyasi, aliyetua Malindi mwaka 1542 akielekea Goa, hakuyapata kitabuni. Aliongozwa na Inyasi mwenyewe.

Mafungo kamili huchukua siku 30 hivi, katika wiki nne zisizolazimika kuwa za siku saba saba. Asiyeweza kuacha kazi asikate tamaa: agizo la 19, mojawapo ya yale yaliyo mwanzoni mwa kitabu, linampa njia ya kutenga saa moja na nusu kila siku, nyumbani kwake, kwa miezi kadhaa. Hapa Mombasa chagua alfajiri, saa kumi na moja, kabla ya foleni ya feri Likoni na kabla joto halijapanda. Saa nane mchana, kwenye chumba kisicho na feni, utasinzia tu.

Saa yenyewe ya sala ina mambo madogo ambayo watu huyaruka, nayo ndiyo yanayoibeba. Tuchukue habari ya kipofu Bartimayo, Marko 10:46–52. Usiku soma aya hizo mara mbili. Ukishajilaza, kwa muda wa Salamu Maria moja, kumbuka utaamka saa ngapi na kwa ajili ya nini. Ukiamka usiguse simu. Simama hatua moja au mbili kutoka mahali pako pa sala, kwa muda wa Baba Yetu, ukifikiri jinsi Mungu anavyokutazama. Kisha ingia.

Jenga mahali akilini: barabara ya kutoka Yeriko, vumbi, jua, umati unaomkemea kipofu anyamaze. Omba waziwazi unachokitaka, kwa sababu Yesu anauliza hasa hilo: unataka nikufanyie nini? Halafu tazama joho la Bartimayo likitupwa chini. Pengine hilo ndilo godoro lake, shuka lake na kitambaa cha kukusanyia sadaka. Likikugusa, kaa hapohapo. Usikimbilie aya inayofuata eti umalize. Inyasi anasema kinachoishibisha roho si kujua mengi, bali kuonja kwa ndani. Ukipiga magoti na sala ikatulia, usibadili mkao. Maliza kwa kuzungumza na Bwana kama rafiki na rafiki yake, kisha Baba Yetu.

Baada ya hapo kuna robo saa ya kupitia yaliyotokea, ukiwa umehama pale ulipokuwa unasali. Andika mistari mitatu kwenye daftari: nini kilinigusa, wapi nilikauka (sala ikakosa ladha), wapi nilikimbia. Bila mistari hiyo hutakuwa na la kumweleza mwongozaji, wala hutajua pa kurudia kesho. Kurudia ni sehemu ya Mazoezi. Anayebadili tafakari kila siku hubaki juu juu.

Ukavu utakuja, na dakika ya 40 utatamani kuinuka. Agizo la 13 linasema ukae hata kupita kidogo saa uliyojiwekea, maana ukizoea kupunguza leo dakika tano, kesho zitakuwa ishirini. Katika ukavu huo usibadili uamuzi wowote uliofanya ukiwa na faraja: usiache mafungo, usivunje uchumba, usiandike barua ya kuacha kazi.

Na mwongozaji akianza kukusukuma uingie utawani au uweke nadhiri fulani, mkumbushe agizo la 15: kazi yake ni kukaa katikati kama mizani, amwache Muumba ashughulike mwenyewe na kiumbe chake.