Bamba la alumini limepinda, na eksirei inasema uso umebanwa: tuamini nini?

Swali: Shikamoo Mhandisi. Tuna bamba la aloi ya alumini 7075-T651 lililobapwa kwa roli, unene wake milimita 40. Tulipolichonga upande mmoja lilijikunja. Tulisugua uso kwa msasa mpaka ukang'aa, tukapima mkazo baki (mkazo uliosalia ndani ya bamba bila kubebeshwa mzigo) kwa eksirei, tukapata megapaskali 180 za kubana, tena nukta za grafu hazikulala kwenye mstari. Je, mashine yetu ni mbovu?

Jibu: Marahaba. Kabla ya kuilaumu mashine, shukuni ule msasa.

Mashine ya eksirei haipimi mkazo moja kwa moja, bali hupima umbali kati ya matabaka ya atomi ndani ya fuwele kwa kutumia kanuni ya Bragg ya mwaka 1913, kisha mkazo hukokotolewa kutokana na jinsi umbali huo unavyobadilika mnapoinamisha sampuli kwa pembe ψ, mabadiliko yanayochorwa kwenye ile grafu yenu. Kwa alumini, tyubu ya kromi, yenye mawimbi ya urefu wa nanomita 0.2291, hutoa kilele, yaani pembe ambapo eksirei zinazorudi huwa na nguvu zaidi, cha matabaka ya 311 (namba inayotambulisha kundi moja la matabaka ya atomi) karibu na nyuzi 139. Hapo mkazo wa megapaskali 100 husogeza kilele takriban nyuzi 0.3 mnapotoka ψ ya sifuri hadi 45. Kama mngetumia tyubu ya shaba na kilele cha nyuzi 38, mkazo huohuo ungekisogeza nyuzi 0.04 tu, na kipimo kingepotea ndani ya makosa ya kawaida. Kwa hiyo chagueni daima kilele cha pembe kubwa.

Sasa tazameni kina. Eksirei za kromi hupima alumini kwa kina cha takriban mikromita 10, yaani sehemu ndogo tu ya unene wa unywele. Punje za msasa hukwaruza na kuiburuza ngozi hiyohiyo, zikaiacha imebanwa. Namba yenu ya 180 yaweza kuwa sahihi kabisa, lakini inasimulia habari za msasa, si za roli. Ondoeni mikromita 100 hadi 200 kwenye eneo dogo kwa kuyeyusha alumini kwa umeme ndani ya kimiminika cha asidi, kisha pimeni tena bila kugusa uso kwa kitu chochote kinachokwaruza.

Hata kipimo hicho safi hakitatosha kueleza kwa nini bamba lilipinda. Alama T651 maana yake ni kwamba baada ya kupashwa moto na kupozwa ghafla, bamba lilivutwa kwa asilimia 1.5 hadi 3 ili kupunguza mkazo, kisha likakomazwa kwa joto. Mkazo unaobaki huwa mdogo, lakini umetandaa katika unene wote, na mkichonga upande mmoja mizani yake huvunjika. Kinachoamua upindaji huo kimo ndani, mahali ambapo eksirei za maabara hazifiki. Mimi ningekata kipande cha majaribio, nikaondoa tabaka baada ya tabaka na kupima upinde wake kila hatua. Ni njia ya kale, nafuu, na kwa karakana yenu ndiyo itakayojibu swali la bamba.

Kuhusu nukta zilizotawanyika, wengi hukimbilia kulaumu mpangilio wa fuwele unaoletwa na roli. Katika feleji na shaba lawama hiyo mara nyingi ina haki. Alumini, hata hivyo, ina ugumu unaokaribia kulingana katika kila mwelekeo, kwa hiyo ningeshuku kwanza chembe kubwa za fuwele: eneo la miale likiwa na chembe chache, kila pembe inasoma chembe tofauti. Panueni eneo la miale na muitikise sampuli nyuzi 3 hadi 5 kuzunguka kila ψ. Pimeni pia ψ chanya na hasi. Matawi mawili ya grafu, la chanya na la hasi, yakiachana, ama mlisugua kuelekea upande mmoja, ama sampuli haijakaa kwenye kitovu cha mashine.

Mashine yenyewe ijaribuni kwa unga wa chuma usio na mkazo. Ikisoma karibu na sifuri, ndani ya megapaskali 14 hivi, ni nzima. Mkiandika matokeo, tajeni kina na mwelekeo, kwa kuwa mkazo sambamba na roli na ule wa kukingama ni namba mbili tofauti.