Nimechelewa Kupanda Matunguu ya Maua: Je, Nisubiri Masika?

SWALI: Assalaam aleikum, Mshauri wa Bustani. Mwezi wa Oktoba nilinunua matunguu 12 ya gladiola na 6 ya amarilisi kwa muuza miche wa kando ya barabara, nikikusudia kuyapanda vuli ikianza kunyesha. Mpwa wangu naye akaniletea tulipu 20 kutoka Uholanzi. Kisha zikaingia shughuli za harusi, na matunguu yote yakasahauliwa kabatini hadi leo, katikati ya Januari. Je, niyapande katika jua hili la kaskazi, au nisubiri masika?
Msomaji, Nyali, Mombasa

JIBU: Waaleikum salaam, dada yangu. Usisubiri. Tunguu ni akiba ya chakula iliyofungwa, na katika joto letu akiba hiyo hupungua kila wiki hata kama tunguu limelala kabatini. Kabla ya kupanda, libonyeze kila moja kwa kidole gumba: lililo gumu na zito ni zima, linalobonyea na kunuka limeoza, na lililo jepesi kama ganda tupu limekwisha kukauka.

Anza na gladiola, kwa kuwa ndiyo isiyovumilia kungoja, na sitashangaa ukikuta baadhi zimekwisha kuchipua humo kabatini. Zifukie kina cha sentimita 10 hivi, ncha ikitazama juu, mahali penye jua la kutosha, katika udongo uliochanganywa na mboji iliyooza vizuri. Ukiona mchanga wako hauhifadhi maji, tandaza majani makavu juu yake. Mwagilia asubuhi, na ikiwa kisima chenu ni cha maji ya chumvi, kama vilivyo vingi hapa pwani, tafadhali tumia maji ya mfereji au ya mvua uliyoyakinga, kwa sababu chumvi huunguza ncha za majani. Gladiola huchanua baada ya siku 70 hadi 90 hivi, kwa hiyo yako itatoa maua kuelekea Aprili, masika yanapoingia. Ichomekee vijiti mapema ili upepo na mvua visiilaze. Ungengoja hadi wakati huo ndipo upande, mvua nzito ingeyakuta matunguu yaliyosinyaa bila mizizi, na mengi yangeozea ardhini.

Amarilisi haina haraka. Ipande kwenye chungu kilicho kipana kidogo tu kuliko tunguu lenyewe, theluthi moja ikibaki juu ya udongo, uiweke penye kivuli chepesi na uimwagilie kwa uchache mpaka ichipue. Usishtuke bua la ua likitangulia majani. Tunguu lake lina sumu, basi liwe mbali na watoto na mbuzi.

Kuhusu tulipu, kinachokosekana kwetu ni baridi. Uholanzi hupandwa Oktoba na Novemba, na hata anayechelewa hadi Disemba au Januari huweza kupata maua, mradi ardhi haijaganda, kwa kuwa baridi ya kutosha bado iko mbele yake. Tulipu huhitaji wiki 12 hadi 16 za baridi isiyozidi nyuzi 9 hivi, nayo Mombasa hata Julai usiku haifiki huko. Ukitaka kujaribu, pasua moja kutoka ncha hadi kitako kwa kisu cha jikoni: kichipukizi cha katikati kikiwa kibichi, yaliyobaki yana uhai, kikiwa cheusi, usijisumbue. Yaliyo hai yatie katika mfuko wa karatasi ndani ya friji, sehemu ya chini, si kwenye friza, wala si karibu na maembe au ndizi mbivu, kwa maana hewa itokayo kwenye matunda yanayoiva huua ua lililomo ndani. Utayatoa mwishoni mwa Aprili na kuyapanda chunguni, kivulini. Mimi ningeweka matano tu kwa ajili ya kujifurahisha, kwani hata yakichanua bua litakuwa fupi, ua litadumu siku chache, na tunguu halitafaa tena mwaka ujao.