Sumaku kichwani, mboni zinapanuka

SWALI: Shikamoo daktari. Mama anatibiwa sonona kwa mashine ya sumaku inayowekwa kichwani, mbele upande wa kushoto. Juzi walimwekea kamera ya macho, nikaona kwenye skrini mboni zikipanuka kila mashine ilipoanza kugonga. Je, macho yake hayataharibika?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ondoa hofu. Nguvu ya sumaku ile hufifia sentimita chache tu kutoka kwenye koili (ule waya uliozungushwa ndani ya kifaa kinachowekwa kichwani), na aliyeishika hakulenga jicho.

Mboni ni tundu lenye misuli ya aina mbili inayoshindana. Mmoja hulibana, ukitumwa na neva za parasimpathetiki, zile za utulivu. Mwingine hulipanua, ukitumwa na neva za simpathetiki, ambazo ndizo huupeleka moyo mbio mtu akishtuka. Hapo hiari haina nafasi. Mwanga usipobadilika na mboni bado ikapanuka, mara nyingi ni dalili kwamba ubongo umezinduka, na kifundo kidogo cha seli za samawati kwenye shina la ubongo, lokasi seruleasi, kinamwaga noradrenalini, kemikali inayouamsha ubongo.

Ila je, aliyeuzindua ubongo ni sumaku? Hapa ndipo ninapobishana na wenzangu. Koili hulia ta-ta-ta, mara nyingi ikigonga mara 10 kwa sekunde, mlio mkali hasa (mama hapewi vizibo vya masikio kwa urembo), tena hufinya ngozi ya kichwa na kurusha nyusi. Kelele peke yake hupanua mboni. Piga makofi ghafla karibu na mtu, utaona. Asiyelinganisha na koili bandia inayolia vilevile, mimi simwamini upesi.

Moyo nao una habari yake. Tafiti kadhaa zimeona kuwa kuchochea sehemu hiyo ya mbele hupunguza mapigo kidogo, kwa sababu ina njia za kushuka hadi kwenye neva ya vagasi, mojawapo ya zile za utulivu, inayoupunguzia moyo mbio. Kwa hiyo mboni inaweza kuonyesha mshtuko huku moyo ukipoa, wakati uleule!

Mama akihisi kizunguzungu au jasho jembamba, aseme papo hapo. Wapo wanaozimia, hasa siku za mwanzo. Kama ana kifaa cha kuendesha moyo au chuma chochote kichwani, wahudumu wajue kabla. Halafu wapelekee orodha ya dawa zake: baadhi ya dawa za sonona hupanua mboni zenyewe, bila sumaku yoyote.